Mteja amekoma hedhi na kiuno kinamsumbua: mkandaji aanzie wapi?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkandaji, niko Tanga, wateja wangu nawafuata majumbani kwao. Wazazi waliotoka kujifungua bado wapo, lakini siku hizi wanaoniita zaidi ni akina mama wa miaka 50 na kuendelea, waliokwisha koma hedhi, na wengi wao kilio chao ni kiuno. Nawakanda kwa mafuta ya nazi, mteja akiwa kifudifudi juu ya mkeka, kwa viganja na vidole gumba, na kwa kiwiko kama ana mwili mkubwa. Namalizia na taulo la maji moto. Jumla ni kama saa moja.

Nimekwama kwa wateja wawili. Wa kwanza ana miaka 54, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Anaumwa chini kabisa ya mgongo na kwenye kalio la kulia. Anaamka amekakamaa, akitembea robo saa anapata nafuu, akikaa sana kwenye kibanda chake cha biashara maumivu yanarudi. Nikimkanda anashukuru, lakini baada ya siku mbili ananipigia simu tena.

Wa pili ana miaka 63, mwembamba. Wiki mbili zilizopita aliinua ndoo ya maji, akahisi kitu kimemchoma mgongoni, na tangu hapo ana maumivu katikati ya mgongo, juu kidogo ya kiuno. Akisimama kupika yanazidi, akilala yanapungua. Wajukuu wamemkanyaga mgongo, hakupata nafuu. Sasa kuna mtu kamwambia pingili zimehama, atamgeuza ghafla mpaka zilie, zirudi mahali pake. Mama ananiuliza: aende huko, au nimkande mimi?

Na kwa jumla naomba kujua: nani nisimguse kabisa, nguvu ya mikono iwe kiasi gani kwa umri huu, na ile mikanda ya kiuno inayouzwa madukani inasaidia?

Mkandaji, Tanga

JIBU

Dada, huyo wa pili usimkande mgongo, na asiende kwa huyo wa kumgeuza. Apelekwe hospitali wiki hii akapigwe eksirei.

Mwanamke wa miaka 63, mwembamba, maumivu yaliyomwanza ghafla akiinua kitu, yako kwenye mfupa wenyewe katikati, yanazidi akisimama na kutulia akilala. Mtu akitupa maelezo hayo tunamhesabu kuwa ana pingili iliyovunjika mpaka picha ioneshe vinginevyo. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikizizuia seli zinazobomoa mfupa zisizizidi zile zinazoujenga. Miaka mitano hadi saba ya mwanzo ndiyo mfupa unapotea kwa kasi zaidi. Pingili zinaathirika mapema kwa sababu ndani yake mfupa una matundumatundu kama sifongo, na mfupa wa aina hiyo ndio unaoliwa kwanza. Ikishafika hapo, pingili haingoji ajali. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtu akiinama mbele kuinyanyua, uzito wote unaelemea ukingo wa mbele wa pingili, nao unabonyea. Nyingi hubonyea pale mgongo wa kifuani unapokutana na wa kiuno, yaani usawa wa mbavu za mwisho. Ndipo anapokuonesha mteja wako.

Kuhusu pingili kuhama: pingili haichomoki kwa kuinua ndoo ikarudishwa kwa mkono. Ule mlio wa "ka!" ni gesi inayojitokeza ndani ya majimaji ya kiungo pale nyuso zake zinapoachanishwa kwa haraka, kama vidole vinavyolia mtu akivivuta. Haumaanishi kuna kitu kimerudi mahali pake. Kumgeuza mtu kwa ghafla ni tiba inayokubalika kwa mwenye mifupa imara, ikifanywa na aliyesomea. Kwa mfupa uliodhoofika hatuifanyi hata sisi tuliosomea, kwa sababu nguvu ile ile inayofungua kiungo inatosha kuponda pingili. Na wajukuu waache kumkanyaga. Mtoto wa kilo 20 akisimama kwa kisigino kimoja juu ya mgongo wa bibi aliyelala sakafuni, mbavu nazo zinaweza kuvunjika.

Akifika hospitali, aombe picha ya kutoka ubavuni, na iwe inachukua mgongo wa kifuani wa chini pamoja na kiuno. Hili lina maana kubwa kuliko linavyosikika: karatasi ya kipimo ikiandikwa "kiuno" tu, picha inaweza kukatwa palepale tunapotaka kuona. Ajue pia kwamba eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonekana salama wakati mfupa umevunjika. Maumivu yasipopungua, irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Na eksirei haipimi uzito wa mfupa. Kipimo chake kinaitwa DXA, kinapatikana hospitali chache kubwa, na alama yake iitwayo T ikiwa -2.5 au chini ya hapo, hiyo ndiyo inayoitwa osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika. Hata bila DXA, pingili iliyobonyea kwa kuinua ndoo inamtosha daktari kuanza kufikiria dawa za kuimarisha mifupa.

Wakati anasubiri, asilale kitandani kutwa kucha kwa wiki nzima, maana mfupa na misuli hudhoofika zaidi. Alale nusu saa maumivu yanapozidi, ainuke, atembee ndani ya nyumba, arudi kupumzika. Kuinuka kitandani iwe kwa kugeuka mwili mzima pamoja, mabega na nyonga kwa wakati mmoja, kisha kushusha miguu na kujisukuma kwa mkono. Asiiname, asinyanyue mjukuu. Kama ni Mwislamu asali kwenye kiti. Ruhusa ya kusali umekaa ipo kwa mgonjwa, na rukuu na sijda ndiyo mikunjo tunayomkataza kwa sasa. Mvunjiko wa aina hii kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kutulia. Wewe unaweza kumkanda miguu na mikono, na mabega kwa wepesi, akiwa amelala ubavu. Mgongo usubiri ruhusa ya daktari.

Sasa suala la nani usimguse. Maswali yaje kabla ya mafuta, na usiulize "una ugonjwa gani?" kwa sababu wengi watakuficha. Uliza: yalianzaje, na ulikuwa unafanya nini? Umewahi kuanguka mwaka huu? Kuna dawa unameza kila siku? Swali hilo la mwisho linakupa mengi. Prednisolone ya miezi mitatu au zaidi hula mfupa. Warfarin na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda humfanya mtu avie damu chini ya ngozi kwa mgandamizo ambao mwingine hausikii. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, tenofovir ikiwemo, hupunguza uzito wa mfupa kiasi; anayetumia asiziache hata siku moja, ila wewe mikono iwe myepesi. Akisema "natumia, lakini sitaki kutaja", mheshimu, na mkande kama mtu mwenye mfupa dhaifu.

Muulize pia kama hedhi ilikoma kabla ya miaka 45 au kama alitolewa mfuko wa uzazi pamoja na ovari, maana huyo mfupa wake umekaa bila estrojeni muda mrefu zaidi. Na muulize, kwa faragha, kama ameona damu ukeni baada ya hedhi kukoma mwaka mzima au zaidi. Damu hiyo, hata tone, ni ya kupeleka hospitali, maana saratani ya mlango wa kizazi na ya mfuko wa uzazi hujitangaza hivyo, na inapoenea huweza kuanza kwa maumivu ya kiuno. Aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, hata miaka kumi iliyopita, na sasa ana maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia hata akilala, vilevile aende hospitali kabla ya kukandwa.

Jasho la usiku linachanganya watu wengi, hata wahudumu wa afya. Joto la ukomo wa hedhi huja kama wimbi: linapanda kutoka kifuani kwenda usoni, dakika chache, linapita, mtu anabaki na baridi. Jasho la kifua kikuu cha uti wa mgongo huja pamoja na homa za jioni, kupungua uzito na maumivu yanayokua polepole kwa wiki na miezi. Wakati mwingine utahisi kwa kidole pingili moja imechomoza nyuma. Mwanamke aliyemaliza kabisa habari za joto miaka mingi iliyopita kisha akaanza kutoka jasho upya, usimwambie ni mambo ya umri.

Kuna dalili moja isiyosubiri hata kesho asubuhi: mkojo umeziba au unatoka bila kujua, haja kubwa imeshindikana kuzuilika, ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au miguu inakosa nguvu. Hapo neva za chini zinabanwa. Ni dharura ya saa.

Baada ya maswali, vipimo vya macho na vidole ambavyo havihitaji mashine. Msimamishe mteja ukutani, visigino na makalio vikigusa ukuta, atazame mbele. Kisogo kisipogusa ukuta, mgongo wa kifuani umepinda, na pengine kuna pingili zilizobonyea. Kisha anyooshe mikono mbele, wewe simama nyuma yake uingize vidole ubavuni kati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa nyonga. Vikiingia viwili tu au pungufu, mgongo umefupika. Mtazame alivyovaa: dera lililokuwa likimtosha sasa linaburuza mbele na kupanda nyuma. Uzito wa chini ya kilo 51 nao unaongeza shaka. Mwisho mlaze chali kwenye kitanda na mto mmoja. Anayeshindwa kulala chali kwa maumivu makali ya mgongo, kazi imeishia hapo. Hakuna kipimo kati ya hivi kinachothibitisha kitu peke yake, na kuvipita vyote hakumaanishi mfupa ni mzima. Ila vikikukataa viwili, peleka mteja akapigwe picha kwanza.

Tuje kwa mama wa miaka 54. Huyu ndiye anayefaa kwa mikono yako. Maumivu yako chini, usawa wa nyonga na kalio, yanabadilika na mkao, ukakamavu wa asubuhi unaisha ndani ya nusu saa, na maelezo yako hayana dalili ya hatari. Muulize hata hivyo maswali yale yote. Ukitaka kujua uko usawa gani, weka viganja juu ya kingo za nyonga zote mbili, vidole gumba vikutane katikati: hapo ni pingili ya nne ya kiuno, au kati yake na ya tano. Maumivu ya hapo kushuka chini mara nyingi ni ya kawaida. Yaliyo juu ya hapo, mapya, ndiyo ya kuyaogopa katika umri huu.

Mwondoe kwenye mkeka. Kulala kifudifudi sakafuni kunakupa wewe nguvu ya kumlalia bila kujua, kunamkunja kiuno kwa nyuma, na kuinuka kutoka chini kunaweza kuharibu kazi yote uliyoifanya. Tumia kitanda chenye godoro lisilobonyea. Alale ubavu wa kushoto, kalio linalouma likiwa juu, magoti yamekunjwa nusu, mto kichwani, mto mwingine kati ya magoti mpaka vifundo vya miguu, na khanga iliyokunjwa chini ya kiuno kuziba uwazi. Akipenda kifudifudi, na hana kibiongo, weka mto chini ya tumbo kuanzia chini ya mbavu.

Maji moto yatangulie, yasiwe ya mwisho. Taulo lenye joto dakika 10 hadi 15 hulegeza misuli kabla hujaigusa, na unahitaji nguvu ndogo baadaye. Lipime kwa upande wa ndani wa kiwiko chako, si kwa viganja, kwa sababu viganja vyako vimezoea moto. Ngozi ya aliyekoma hedhi ni nyembamba na kavu kuliko ya zamani, na mwenye kisukari huenda asisikie anaungua. Usipake dawa ya kuchua yenye mentoli kisha ukaweka taulo la moto juu yake; malengelenge mengi hutokea hivyo.

Mafuta vijiko viwili vya chai yanatosha. Yakizidi mkono unateleza na unajikuta unakandamiza zaidi kutafuta mshiko. Anza na misuli inayopita kando ya uti wa mgongo, vidole viwili kutoka katikati. Kiganja kizima, kutoka ukingo wa nyonga hadi mbavu za mwisho, polepole, kama sekunde tano kila mpito, mipito kumi. Kisha vidole gumba kwa nyama yake, ukisukuma kutoka katikati kwenda nje. Vinundu vya mfupa katikati havikandwi, na ncha ya ubavu wa mwisho haikandamizwi. Hapo dakika nane zinatosha.

Kazi kubwa iko kwenye kalio, na wakandaji wengi wanapapita kwa haya au kwa haraka. Misuli ya pembeni ya kalio, chini ya ukingo wa nyonga, ndiyo inayoishika nyonga mtu anapotembea, na ikichoka kiuno kinabeba kazi yake. Tumia mkono wa mbele, ile nyama ya kati ya kiwiko na kiganja, siyo ncha ya kiwiko. Ncha ni mfupa mdogo, uzito wako wote unakwenda sehemu ya ukubwa wa sarafu na huwezi kuhisi umefika wapi. Egemea taratibu, kaa sekunde 30 hadi 60 mpaka uhisi msuli umelegea, sogea. Sehemu tano au sita. Mahali pawili pa kukwepa: kile kinundu kikubwa cha mfupa pembeni ya nyonga, kwa sababu kano ya msuli inayoshikana hapo huwa imechoka kwa wanawake wa umri huu na kuikandamiza kunaizidishia, na katikati ya kalio pale mteja anaposema ganzi inashuka mguuni, maana umeikanyaga neva.

Malizia kwa kuitikisa nyonga. Kiganja kimoja mbele ya ukingo wa nyonga, kingine nyuma kwenye kalio, isukume mbele na nyuma kwa upole, mara moja kwa sekunde, kwa sekunde 30 hadi 60, pumzika, rudia mara tatu. Mwendo uwe mdogo na usifike mwisho wa kiungo. Huku ndiko "kunyoosha mgongo" unakoruhusiwa kuwapa wanaokuomba uwatoe ule mlio wa mgongo.

Kuhusu nguvu, mwambie apime maumivu kwa namba, 0 mpaka 10. Yasipite 4. Usingoje aseme, akina mama wengi wanavumilia wakiamini dawa lazima iume: akizuia pumzi, akikunja vidole vya miguu au kukamata shuka, umezidisha. Uchovu wa misuli kesho yake ni sawa. Alama ya damu kuvia si sawa hata kidogo. Jumla ya kukanda iwe nusu saa, siyo saa nzima.

Kwa nini anarudi baada ya siku mbili? Kwa sababu mkono unatuliza neva na kulegeza misuli kwa saa kadhaa au siku kadhaa, lakini hauongezi nguvu ya msuli wala uzito wa mfupa. Kosa haliko kwenye mikono yako. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya muda mrefu ya kiuno, na masaji imo kati ya tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno imewekwa upande wa pili, pamoja na kuvuta mgongo kwa mashine: visitolewe kama tiba ya kawaida. Kwa hiyo huyo wa miaka 54 abaki na pesa yake. Mkanda ambao daktari anamvalisha aliyevunjika pingili kwa wiki chache ni habari nyingine.

Basi dakika 10 za mwisho, mwili ukiwa bado umelegea, mfanyishe mazoezi kabla hujafunga chupa ya mafuta. Kwanza, chali, magoti yamekunjwa, ainue makalio, ashike sekunde tano, ashushe. Mara 8 hadi 10, seti mbili. Pili, ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, afungue goti la juu bila nyonga kurudi nyuma. Mara 10 kila upande. Tatu, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujishika, mara 10. Nne, kusimama mguu mmoja karibu na meza, sekunde 10 akiongeza hadi 30, kwa ajili ya kutoanguka. Nyumbani ayarudie siku tano kwa wiki, na atembee dakika 20 hadi 30.

Mazoezi ya kuinama kugusa vidole na ya kuinua kifua kutoka chali ili tumbo lipungue, ambayo mitandaoni yanagawiwa bure, tunawakataza wenye mfupa dhaifu. Mwaka 1984 Sinaki na Mikkelsen wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokoma hedhi wenye osteoporosisi ya mgongo. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma walikuwa 25, na 4 kati yao walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliofanya ya kuukunja mbele walikuwa 9, na 8 walibonyea. Kundi ni dogo, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba hakuna sababu ya kubahatisha na mgongo wa mtu.

Zoezi la kunyoosha ni hili: kifudifudi kitandani, mto chini ya tumbo, mikono kando, ainue kifua kidogo tu huku akitazama shuka, sekunde tano, mara 10. Wapo ambao halitawafaa. Mama anayesema miguu inamchoma au kufa ganzi akitembea, na anapona akikaa au akiegemea mbele kwenye kaunta, huenda njia ya neva zake imebana. Kunyoosha nyuma kutamzidishia. Huyo atembee vipande vifupi, abaki na mazoezi manne ya mwanzo, na aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

Mfundishe pia kuinama. Chukua mpini wa ufagio, uulaze mgongoni mwake uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa juu ya makalio. Ainame kwa kusukuma makalio nyuma na kukunja magoti, mpini usiachie hata sehemu moja. Siku ya kwanza wengi huachia pale juu ya makalio. Akishaweza, apeleke hiyo nyumbani: ndoo ya lita 20 igawanywe mara mbili, deki kwa fimbo ndefu badala ya kitambaa cha kuinamia, jiko la mkaa lipandishwe juu ya kitu imara. Mbuzi ya nazi ni adui kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa unakaa chini, mgongo umejikunja, na unasukuma kwa nguvu kwa dakika kumi. Nazi ikakunwe kwa mashine sokoni, au ikunwe na kijana wa nyumbani. Kibandani asimame kila nusu saa, asipandishe mguu juu ya mguu, na akiwa amesimama asiegemee nyonga moja. Usiku mto ukae kati ya magoti.

Chakula kwa ufupi. Baada ya miaka 50 mwanamke anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu 300, mtindi vilevile. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri. Sukuma wiki inatoa kalsiamu yake vizuri kuliko mchicha, ambao una asidi inayoishikilia. Vitamini D hutoka zaidi kwenye jua. Anayejifunika mwili wote akitoka, akae uani dakika kadhaa mikono na miguu ikiwa wazi, au azungumze na daktari kuhusu vidonge. Na zile poda za mgongo zisizo na lebo, zinazomaliza maumivu usiku mmoja, usizishauri: zinaweza kuwa zimechanganywa na prednisolone au diclofenac, ambazo zitamharibia mifupa, tumbo au figo wakati wewe unajitahidi kumkanda.

Ratiba ya mama wa miaka 54: mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki tatu nyingine, mazoezi kila siku ya ratiba yake. Kabla ya kila siku ya kukandwa andika kwenye daftari namba ya maumivu yake 0 mpaka 10, na kitu kimoja anachoshindwa, mfano kukaa kibandani saa moja bila kusimama. Akifika mara ya nne na namba haijashuka hata mbili, usimwongezee siku. Mpeleke kwa fiziotherapia akiwa na ukurasa huo, umeandika maumivu yalianza lini, yako wapi, umemkanda sehemu gani na kwa mkao gani, dawa alizokubali kuzitaja, na kama kisogo kilishika ukuta.